SELI MUNDU: MAMBO AMBAYO MZAZI ANAFAA KUMUULIZA DAKTARI

Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana mikononi. Mtoto aliyekuwa akinyonya na kucheka vizuri hadi miezi mitano au sita anaanza kulia akishikwa. Vidole vyake vinavimba na kujaa, na migongo ya miguu nayo inafura. Hakuna mahali alipoanguka wala mdudu aliyemuuma. Mama hupaka mafuta, nyanya hukanda kwa maji ya moto, na baada ya siku chache uvimbe hupungua. Wiki kadhaa baadaye unarudi. Wahudumu wa afya wenye uzoefu katika kaunti za Pwani na zile zinazopakana na Ziwa Victoria wakiona mikono ya namna hiyo hawasubiri kusimuliwa mengi: wanaagiza mtoto apimwe seli mundu.

Seli mundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Wengine huuita sikoseli, na vijijini husikika pia majina ya jumla kama "ugonjwa wa kukosa damu" au "ugonjwa wa mifupa", majina yanayotaja dalili na kuficha chanzo. Si ugonjwa adimu Pwani. Utafiti uliofanyika Kilifi kuanzia mwaka wa 2006, ambapo zaidi ya watoto 15,000 wa chini ya mwaka mmoja walipimwa damu, ulionyesha kwamba takriban watoto 8 kati ya kila 1,000 walikuwa nao. Katika kijiji kikubwa, hao ni watoto ambao kila mtu anawafahamu kwa sura, hata kama hakuna aliyewahi kutamka jina la ugonjwa wao.

Tatizo ni kwamba familia nyingi hufika kliniki na kutoka bila kuuliza kitu. Foleni ni ndefu, daktari anaandika, mama ana mtoto mgongoni na nauli ya kurudi akilini. Anapewa karatasi na kuambiwa arudi baada ya mwezi. Akifika nyumbani na mama mkwe akamuuliza wamesemaje, hana jibu. Pengo hilo hujazwa na maneno ya mganga, ya jirani na ya simu. Somo hili linapitia maswali ambayo madaktari wa watoto, wauguzi na washauri nasaha wa kliniki za seli mundu huulizwa kila mara, pamoja na machache ambayo wangependa waulizwe zaidi.

Ni nini kilichoharibika katika damu?

Chembe nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huu ni ya mviringo, laini, iliyobonyea katikati. Ulaini huo una kazi. Chembe hupita katika vimishipa vyembamba kuliko yenyewe, hivyo hulazimika kujikunja, kupenya, kisha kurudi katika umbo lake. Ndani yake mna himoglobini, ambayo huchukua hewa safi ya oksijeni mapafuni na kuigawa mwilini.

Himoglobini hutengenezwa kwa minyororo ya protini. Mnyororo mmoja kati ya hiyo una viungo 146, na kwa mgonjwa wa seli mundu kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Mwanasayansi Vernon Ingram aligundua jambo hilo Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1956, na hadi leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kama mfano wa jinsi kosa dogo mno linavyoweza kuutikisa mwili mzima. Himoglobini yenye kasoro hiyo ikishatoa oksijeni yake huanza kushikamana na kujipanga kama vijiti vigumu ndani ya chembe. Chembe inapoteza ulaini, inapinda na kuwa na umbo la mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo asili ya jina.

Kutokana na hapo mambo mawili hutokea. Kwanza, chembe ngumu hukwama katika vimishipa na kuziba njia, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi hukosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu ambayo watoto huyaeleza kama mfupa unaopasuliwa kutoka ndani. Pili, chembe hizo hufa mapema. Za kawaida huishi takriban siku 120, ilhali zenye umbo la mundu hudumu siku 10 hadi 20 tu. Mwili hutengeneza damu mpya usiku na mchana lakini hauwezi kuziba pengo lote, kwa hivyo mtoto huishi na upungufu wa damu wa kudumu. Mabaki ya chembe zilizokufa ndiyo huyapa macho rangi ya manjano, rangi ambayo wazazi wengi hudhani ni ugonjwa wa ini.

Na kwa nini mtoto alikuwa mzima miezi ya mwanzo? Kwa sababu tumboni mwa mama mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haina kasoro hiyo. Baada ya kuzaliwa mwili huanza kuiacha polepole na kutengeneza ile ya ukubwani. Ifikapo miezi mitano au sita, kinga hiyo imepungua na ugonjwa unajitokeza. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani baadaye katika somo hili ndilo litakaloeleza jinsi dawa muhimu kuliko zote inavyofanya kazi.

Amepimwa kipimo gani?

Hili ni miongoni mwa maswali ambayo wataalamu wangependa waulizwe zaidi. Kuna kipimo cha bei nafuu cha maabara ambacho huonyesha tu kama chembe za damu zinaweza kupinda au la. Kikitoka na jibu la "ipo", mzazi hulia akidhani mtoto ana ugonjwa. Lakini kipimo hicho hakitofautishi kati ya mgonjwa na mtu aliyebeba kasoro hiyo upande mmoja tu, ambaye si mgonjwa. Tena, kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema "haipo" kumbe ipo, kwa sababu ya ile himoglobini ya kichanga.

Jibu la uhakika hutoka kwa kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesi, au kwa mashine nyingine za maabara kubwa zinazofanya kazi hiyohiyo. Siku hizi kuna pia vipimo vidogo vya tone moja la damu kutoka kidoleni au kisiginoni ambavyo hutoa jibu kwa dakika chache, papo hapo zahanati, na hata kwa mtoto mchanga. Jibu huandikwa kwa herufi mbili. AA ni mtu asiye na kasoro. AS amebeba kasoro upande mmoja. SS ana ugonjwa. Mzazi asiondoke bila kujua herufi mbili za mtoto wake, na ziandikwe wazi katika kijitabu cha mama na mtoto, si kwenye kipande cha karatasi kitakachofuliwa pamoja na nguo.

Tahadhari moja: mtoto aliyeongezewa damu karibuni ana damu ya mtu mwingine mwilini, na kipimo kinaweza kupotosha. Kwa kawaida husubiriwa takriban miezi mitatu. Ikiwa mtoto amewahi kuongezewa damu katika hospitali nyingine, daktari aambiwe kabla ya kupima.

Ni kosa la nani?

Katika vyumba vya ushauri nasaha swali hili mara nyingi haliulizwi kwa sauti, lakini lipo. Mama ndiye anayeleta mtoto kliniki, mama ndiye anayelaza usiku wadini, na mara nyingi mama ndiye anayelaumiwa. Husemwa kwamba kwao kuna laana, kwamba alikiuka mwiko wakati wa mimba, au kwamba mtoto amevaliwa na pepo. Zipo ndoa zilizovunjika kwa maneno hayo. Ukweli wa damu ni kwamba mtoto hawezi kuwa SS bila kurithi S moja kwa mama na S nyingine kwa baba. Hakuna upande unaoweza kujitoa.

Baba hujitetea kwamba katika ukoo wao hajawahi kuonekana mtu mwenye ugonjwa huo. Anaweza kuwa anasema kweli. Mtu wa AS huishi maisha yake yote akiwa mzima, hulima, huvua, hucheza kandanda, huzeeka, na S yake hupita kimya kimya kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Hujitokeza tu siku inapokutana na S nyingine.

Wauguzi hutumia sarafu mbili kulieleza. Baba AS ana sarafu yenye A upande mmoja na S upande wa pili, na mama AS vivyo hivyo. Kila mimba inapotungwa, sarafu zote mbili hurushwa. Mara moja kati ya nne zitaangukia S na S, na huyo ni mtoto mgonjwa. Mara mbili kati ya nne zitatoka tofauti, mtoto AS. Mara moja kati ya nne ni A na A. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani husikia "mmoja kati ya wanne" na kuhesabu kwamba wakishapata mtoto mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa wazima. Sarafu haina kumbukumbu. Kila mimba hurushwa upya, na kuna familia zenye watoto wawili au watatu wenye SS wakifuatana, kama zilivyo familia za AS na AS ambazo hazijapata hata mmoja.

AS akioana na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS. Mwenye SS akioana na AA, watoto wote watakuwa AS, yaani wazima. Mwenye SS akioana na AS, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Hesabu hizi ndizo sababu ya vijana kuhimizwa wapime kabla ya posa, wakati ambapo jibu bado linaweza kuzungumzwa na watu wawili bila mahari wala wazee kuwa mezani. Kupima hakumlazimishi mtu kuvunja uchumba. Kunampa nafasi ya kuamua akijua.

Inasemekana seli mundu hukinga malaria. Je, ni kweli?

Ni kweli nusu, na ile nusu ya pili imeua watoto.

Historia yake ina uhusiano wa karibu na Kenya. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliujua ugonjwa huu tangu 1910, pale James Herrick wa Chicago alipochapisha maelezo ya chembe zilizopinda katika damu ya Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini kasoro inayoua watoto wengi hivyo haijatoweka yenyewe. Aliyelijibu ni Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya. Mwaka wa 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja nchini, akakusanya damu kutoka kwa jamii mbalimbali. Aligundua kwamba karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria watu wenye kasoro hiyo walizidi asilimia 20 katika jamii kadhaa, ilhali katika nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa chini ya asilimia moja. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba watu wa AS hukingwa dhidi ya malaria. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kwamba kinga hiyo ni ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Kwa hiyo S imebaki katika damu za watu wa Pwani na wa ziwani kwa sababu kwa maelfu ya miaka iliwaokoa waliokuwa nayo moja. Ni maelezo yanayowatuliza wazazi wengi kuliko mtu angedhani: ugonjwa wa mtoto wao ni gharama ya kinga iliyowafikisha mababu wao salama.

Lakini kinga ni ya AS. Mtoto wa SS akipata malaria yuko hatarini zaidi kuliko mtoto mwingine, kwa sababu malaria huharibu damu ambayo tayari ni haba. Mzazi aliyesikia nusu ya habari hulegeza chandarua. Mtoto mwenye seli mundu anahitaji kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, mvua iwe au isiwe, na kutumia dawa ya kukinga malaria ambayo kliniki itamwandikia.

Homa ya mtoto huyu si homa ya kawaida

Kama mzazi atakumbuka jambo moja tu kutoka kliniki, madaktari wangechagua hili. Kiungo kiitwacho wengu, au bandama, kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, huchuja vijidudu kutoka kwa damu. Katika seli mundu kiungo hiki huzibwa na chembe zilizopinda hadi kinashindwa kazi, mara nyingi kabla mtoto hajaanza shule. Vijidudu ambavyo mtoto mwingine angevishinda kwa siku mbili vinaweza kumletea nimonia, homa ya uti wa mgongo au sumu ya damu na kumuua kwa saa chache.

Joto la mwili likipita nyuzi 38, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Si kununua dawa dukani na kusubiri asubuhi. Kipimajoto ni kifaa cha bei ndogo na kinafaa kuwepo katika kila nyumba yenye mtoto wa SS. Kwenye dawati la mapokezi mzazi aseme neno "seli mundu" mwanzoni kabisa, ili mtoto asiwekwe mwisho wa foleni ya wenye mafua.

Kwa ajili ya hatari hiyohiyo watoto hupewa penisilini kila siku tangu wakiwa wachanga hadi angalau miaka mitano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Wazazi huchoka kumpa dawa mtoto anayeonekana mzima. Uzima huo ndio dawa inayofanya kazi. Chanjo nazo zisikosekane hata moja.

Wengu wenyewe unaweza kuvimba ghafla na kunyonya damu nyingi ya mwili. Mtoto anapauka midomo na viganja, analegea, tumbo linajaa upande wa kushoto. Hii ni dharura ya dakika, si ya siku. Wauguzi humfundisha mama jinsi ya kuugusa wengu kwa vidole akiwa amemlaza mtoto, ili ajue ukubwa wake wa kawaida na atambue unapobadilika. Mama ambaye hajafundishwa anafaa kuomba afundishwe.

Mbona hawamwongezei damu?

Malalamiko haya husikika sana. Mzazi anaona jibu la maabara: damu ni 7, na katika familia nyingine mtoto wa damu 7 alilazwa. Kwa mwenye seli mundu, damu ya 7 au 8 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake, na mwili wake umeizoea. Daktari huangalia imeshuka kiasi gani kutoka kwa kiwango chake cha siku zote na kama mtoto anapumua kwa shida au amelegea. Kwa hivyo swali lenye faida zaidi ni hili: kiwango cha kawaida cha mtoto wangu ni kipi? Kiandikwe karibu na zile herufi mbili.

Vilevile dawa za kuongeza madini ya chuma zisitumiwe kwa kubahatisha. Mtoto huyu hakosi damu kwa kukosa chuma. Chembe zinapovunjika chuma chake hubaki mwilini, na damu ya kuongezewa huleta kingine, hadi kinaweza kurundikana na kudhuru moyo na ini. Anachohitaji ni asidi foliki, kidonge kidogo cha bei nafuu kinachosaidia kutengeneza chembe mpya. Mboga za kienyeji, maharagwe, samaki na mayai vinamfaa kama vinavyomfaa mtoto yeyote. Maji ya beetroot ambayo majirani husifu hayana ubaya kama kinywaji, ila si matibabu.

Haidroksiurea

Ndiyo ile dawa iliyotajwa mwanzoni. Huuamsha mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile isiyopinda. Ilianza kutumika kutibu saratani, na baadhi ya wazazi wakisoma karatasi iliyo ndani ya pakiti hushtuka na kuiacha. Hofu hiyo inaeleweka. Kwa miaka mingi hata madaktari walisita kuitumia Afrika, wakihofia kwamba ingepunguza kinga ya mtoto anayeishi penye malaria.

Jibu lilitoka kwa utafiti uliofanyika katika nchi nne: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya. Kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianza kutumia dawa hiyo, na matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Haja ya kuongezewa damu ilipungua kwa takriban theluthi mbili, vifo pia vilishuka, na malaria, ambayo ndiyo iliyohofiwa, ilipungua kwa karibu nusu. Watoto wa Kilifi na wazazi wao, kwa kukubali kushiriki, wamebadilisha jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa barani kote.

Dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua miezi kadhaa, na lazima imezwe kila siku, siku ya maumivu na siku isiyo na maumivu. Inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, ndiyo maana mtoto hupimwa damu mara kwa mara, hasa mwanzoni na kila kipimo cha dawa kinapoongezwa. Kiasi chake hufuata uzito, kwa hivyo mtoto anapokua dawa nayo hubadilika. Isiazimwe kati ya ndugu wawili wenye ugonjwa mmoja. Msichana aliyefika umri wa kuzaa azungumze na daktari mapema, kwani haitumiwi wakati wa mimba. Kwa upande wa malipo, mzazi aulize katika dawati la SHA la hospitali ni huduma zipi zinazogharimiwa na zipi atalipa mwenyewe, kabla ya kukadiria kwamba hawezi.

Maumivu, na shule

Maumivu huchochewa na baridi, kukosa maji mwilini, uchovu mwingi, homa na wakati mwingine huzuni tu. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, wadi hupokea zaidi. Mtoto avae sweta, anywe maji mara nyingi, asikae na nguo zilizolowa mvua. Maumivu madogo hutulizwa nyumbani kwa panadol, maji ya kunywa na kukandwa kwa kitambaa cha moto. Barafu haifai kabisa. Yasipotulia, aende hospitali, ambako anastahili dawa kali zaidi, hata mofini, bila kuonekana kwamba anajifanya. Vijana wengi wenye seli mundu husema jambo lililowaumiza kuliko ugonjwa ni kutoaminiwa.

Maumivu ya kifua pamoja na kupumua kwa shida ni dharura. Upande mmoja wa mwili ukilegea, mdomo ukienda kando au maneno yakipotea ghafla, hicho ni kiharusi, na hata mtoto wa miaka mitano anaweza kukipata. Pale ambapo hakuna uchunguzi, takriban mtoto 1 kati ya 10 wenye SS hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kichwani, kinachofanywa kila mwaka kuanzia umri wa miaka miwili, huonyesha walio hatarini kabla ya tukio. Hakipatikani kila hospitali, na mzazi aulize atapelekwa wapi. Kwa wavulana kuna jambo ambalo huwaaibisha kulitaja: uume kusimama kwa uchungu bila sababu. Ukizidi saa nne unaweza kuharibika kabisa. Baba au mjomba amweleze kijana mapema kwamba hilo ni sehemu ya ugonjwa, na kwamba akilipata aseme.

Mwalimu anahitaji kujua mambo machache: mtoto aruhusiwe chupa ya maji darasani na kwenda msalani mara nyingi, kwa kuwa figo zake hupoteza maji kwa urahisi. Asichapwe wala kukimbizwa uwanjani kama adhabu. Acheze, lakini apumzike anapochoka. Siku alizokosa kwa kulazwa zisihesabiwe kama utoro. Kukojoa kitandani kunakoendelea hadi umri mkubwa pia hutokana na figo hizo, si uvivu.

Je, kuna tiba ya kuumaliza?

Ipo, lakini iko mbali. Kupandikizwa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana kunaweza kuuondoa ugonjwa, kwa gharama na hatari kubwa. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba za kurekebisha jeni za mgonjwa mwenyewe, na mojawapo iliwekwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja nchini Marekani. Kwa sasa, anayemwambia mzazi wa Ganze au wa Budalang'i kwamba ana chupa ya mitishamba inayobadilisha SS kuwa AA anauza maji. Herufi zile hubaki zilivyo. Wapo wazazi waliosimamisha penisilini na haidroksiurea ili "kuipa dawa ya kienyeji nafasi", kisha wakarudi wadini na mtoto mahututi. Anayetumia dawa za kienyeji amwambie daktari bila woga, ili ijulikane kama zinagongana na zile za hospitali.

Kinachopatikana karibu kimeanza kubadilisha umri wa ugonjwa wenyewe. Kliniki zilizokuwa za watoto sasa zina vijana wenye vitambulisho vya kitaifa, wanaouliza kuhusu kazi, ndoa na mimba. Mwanamke mwenye SS anaweza kuzaa, ila mimba yake ifuatiliwe hospitalini na daktari wa kina mama pamoja na wa damu tangu wiki za mwanzo. Kijana anayefikisha miaka 18 aulize mapema ni nani atakayemhudumia baada ya kuondoka kliniki ya watoto, na aondoke na muhtasari wa matibabu yake yote: herufi mbili, kiwango cha kawaida cha damu, dawa na vipimo vyake, tarehe alizoongezewa damu, na kundi lake la damu. Karatasi hiyo aitunze pamoja na kitambulisho, na nakala yake apewe mtu mmoja wa familia anayepatikana kwa simu usiku.